Kesho ya Vidole Vinne

Mdomo wake ulijaa pini. Ndivyo ninavyomkumbuka, kabla hata ya sura yake: safu ya vichwa vya pini iking'aa katikati ya midomo miwili mikavu. Alizungumza nazo zikiwa humo, akatukana nazo, akacheka nazo, na sikuwahi kumwona akidondosha hata moja. Sisi vijana wa milimani, kule juu ya mji mdogo wa Kisiwani, tulimwita Fundi tu. Jina lake la ubatizo limo katika kitabu cha kanisa, na huko libaki.

Kuna jambo moja nililotaka kulijua juu yake kuliko mambo yote. Siku alipompima kaka yangu suruali, je, alijua suruali ile inampeleka wapi?

Kibaraza chake kilitazama ndiva, lile bwawa letu la kuhifadhia maji ya mifereji. Cherehani ilikaa mahali ambapo mwanga wa asubuhi uliruka kutoka majini na kumwangukia mikononi. Aliifunika kwa kanga ya mkewe kila alipokwenda kula, na mkewe alilalamika kwamba cherehani inavaa kanga nzuri kuliko yeye. "Mvumilie mke mwenzio," Fundi alimjibu. "Yeye ndiye anayetulisha." Chaki hakuwa nayo. Alichora vitambaa kwa kipande cha sabuni kilichokauka, chembamba kama ukucha, na nguo mpya kutoka kwake ilinukia sabuni hata kabla haijafuliwa. Hadi leo nikisikia harufu ya sabuni kavu moyo wangu unaruka kwa furaha kwanza, ndipo unakumbuka.

Alituchukia vijana, au alisema anatuchukia. Vita vilikuwa vimeanza Ulaya na huku kwetu vilikuja kwa namna ya uhaba: chumvi, mafuta ya taa, na zaidi ya yote nguo. Kitambaa cha marekani kilipotea madukani. Kaniki ilipatikana kwa kujuana. Na katika msimu huo huo wa uhaba, kwa ukaidi ambao ujana peke yake ndio unaouweza, vijana wetu wakaanza kutaka suruali pana. Pana sana. Suruali ambayo mguu wake ulifunika kiatu, na kwa wengi ulifunika ukosefu wa kiatu.

"Mnataka suruali au mnataka hema?" Fundi alifoka.

"Ongeza kidogo tu, Fundi. Inchi mbili."

"Nikuongezee upana, una mguu wa tembo wewe? Mguu wa kuku ndani ya gunia! Upepo wa Same ukikukuta tambarare utakupeleka Mombasa bila nauli."

Wakacheka, naye akacheka na pini zake, na akaongeza zile inchi mbili.

Maana ukweli wake ulikuwa huu. Mara moja kila baada ya miezi michache, Fundi alishuka mlima kwa miguu, akapita Kisiwani, akalala njiani, akafika Same. Hakwenda kununua kitu. Alikwenda stesheni. Treni ya kutoka Tanga ilipoingia, yeye alisimama karibu na tangi la maji na kutazama miguu ya wanaoshuka. Miguu tu. Mjomba wangu alimkuta huko siku moja akamsalimu mara mbili bila kuitikiwa, kwa sababu Fundi alikuwa akifuata kwa macho suruali ya karani mmoja mgeni, kutoka kiunoni hadi kisigino, mpaka ikapotea nyuma ya mabehewa. Akirudi alilaani alichokiona kwa siku mbili nzima. Wahuni wa mjini, alisema, watoto wasio na wazee. Siku ya tatu alichukua mkasi. Kwa hiyo mitindo yote ile iliyowaudhi wazee wetu, mapindo ya nje, mifuko ya pembeni, kiuno cha juu chenye marinda, aliipandisha mlimani yeye mwenyewe, ndani ya kichwa chake, kisha akatusimanga kwa kuitaka.

Yeye alivaa kaptula moja. Ilikuwa na viraka juu ya viraka, na kiraka cha kwanza hakuna aliyekumbuka rangi yake.

Nasi wasichana alitufanyia hila ninayoikumbuka kwa mapenzi, ingawa sasa naona ilikuwa onyo. Tulitaka mikono ya puto. Wazee wa kanisa waliikataza; walisema bega la mwanamke halina sababu ya kupaa. Mama yangu alikuwa upande wa wazee. Basi Fundi alishona mkono uliolala kimya begani, mnyenyekevu kama kondoo, na ndani yake akapitisha uzi mmoja wa siri. Alininong'oneza: "Ukivuka mto, vuta." Nikivuka mto, nikavuta, mikono ikavimba. Nikirudi, nikalegeza. Mama aliishi akiamini kwamba Fundi ndiye mtu wa pekee kijijini anayeheshimu neno lake. Nami nilimpenda kwa hilo. Nilipenda kwamba aliweza kutengeneza nguo moja yenye nyuso mbili na kila mtu akaondoka ameridhika. Sikujiuliza mtu wa namna hiyo anaweza kutengeneza nini kingine.

Lakini kitu kilichomfanya Fundi awe Fundi kilikuwa pindo.

Hakuna nguo iliyotoka kibarazani pale bila kitambaa cha akiba kilichokunjwa ndani ya pindo, upana wa vidole vinne. Alikipima kwa vidole vyake mwenyewe, vya mkono wa kushoto, akivibana pamoja. Akikukabidhi nguo aligeuza ukingo wake akakuonyesha. "Hii ya nje ni leo yako," alisema. "Hii ya ndani ni kesho yako. Usiifumue kabla ya siku yake." Basi kijiji kizima tukaliita pindo *kesho*. Mama alimwambia mtoto, "Umerefuka, leta nguo nikuteremshie kesho." Watoto walitaniana shuleni: "Wewe kesho yako imeisha, magoti yako nje!" Mgeni akitusikia alidhani tumechanganyikiwa.

Wakati wa uhaba watu walimsihi aache. Kitambaa kile cha ndani, walisema, kingetosha mfuko, kingetosha kola. Alikataa. Bibi mmoja mzee kabisa alimwambia, "Fundi, mimi sirefuki tena. Nafupika. Kesho ya nini?"

"Huwezi kujua, bibi," akamjibu. "Labda huko juu wanaongeza chakula."

Akamwekea vidole vinne. Nguo moja tu hakuikunja, nayo ni sanda. Sanda aliikata wima na kuishona ukingo kwa ukingo, bila akiba yoyote, na wakati wa kuishona alitoa pini zote mdomoni akaziweka katika kikombe. Nilimwona akifanya hivyo alipofariki babu yangu. Nikamwuliza kwa nini. Akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini mvua hushuka chini.

Kaka yangu Eliamani alikuwa mateka wa suruali. Sisemi hivi kumdhihaki. Marehemu angecheka kuliko wote. Alikuwa na miaka kumi na minane, mrefu, mwenye njia iliyonyooka kichwani, iliyokatwa kwa wembe kila Jumamosi, na kitana alichokichomeka nyuma ya nywele kama jogoo mwenye unyoya wa ziada. Suruali yake ya kwanza ya mguu mpana aliinyunyizia maji kila jioni, akailaza chini ya ngozi ya kitanda, akailalia bila kugeuka. Alijifunza kulala kama gogo ili mikunjo isiharibike. Asubuhi alitoka mlangoni na sisi sote tulijua tuko katika nyumba ya mtu mkubwa.

Siku moja ilipigwa baragumu ya msaragambo. Huku kwetu baragumu ikilia, kila mwenye mikono anakwenda. Ni kazi ya wote, na siku ile ilikuwa kuzibua tope katika ndiva. Kaka alikuja akiwa ndani ya suruali yake. Akasimama ukingoni. Wazee walikuwa wamezama hadi mapajani.

"Ingia, bwana harusi!" mmoja akamwita.

"Tope halijui mshono," kaka akasema.

Watu wakaangua kicheko, ila jumbe hakucheka. Jumbe wetu alikuwa mtu aliyevaa kofia ya serikali hata akiwa shambani kwake. Alimwambia kaka achague: aingie au apelekwe barazani akatozwe mbuzi. Basi kaka akafanya alivyoona vyema. Akavua suruali mbele ya kijiji kizima, akaikunja mkunjo juu ya mkunjo, akaiweka kichwani kama mwanamke anayebeba unga, akaingia topeni na chupi yake na kufanya kazi ya watu wawili hadi jioni. Suruali haikudondoka. Wasichana waliimba. Jumbe alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ndogo, lakini mimi nilikuwa karibu: "Hiyo miguu ya hema nitaikumbuka."

Mwaka uliofuata ikaja amri. Serikali ilitaka watu wa mkonge. Vita vilikuwa vinahitaji kamba, tuliambiwa, na mashamba ya tambarare hayana mikono ya kutosha. Si kwa hiari, kama wale manamba wa zamani waliojiandikisha wenyewe. Jumbe alitakiwa atoe vijana, na asipowatoa, kofia ile ingekwenda kwa mtu mwingine. Usiku ule ule vijana wakapotea. Walipanda msituni, juu kule ambako ukungu hauondoki, na askari wa boma walipofika hawakukuta kijijini ila wazee wanaokohoa na wanawake wasiojua lolote.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimo katika darasa la kipaimara. Kila siku ya pili nilipanda na makande katika kikapu, nimeyafunika kwa kuni. Kaka alikuwa amekonda. Njia ya kichwani ilikuwa imefutika. Suruali yake ilichanika kwenye miiba, na hilo, naapa, lilimuuma kuliko njaa.

"Nimekuwa nyani," aliniambia. "Nyani naye afadhali, ana manyoya."

Hali ikawa hiyo kwa wiki tano. Askari wakachoka wakashuka Same. Kisha asubuhi moja Fundi aliniita kutoka kibarazani. Nilipofika, nilisahau kumwamkia. Mezani palilala jora zima la kitambaa cha drili, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Katika mwaka ule! Nililigusa. Lilikuwa baridi na zito.

"Shikamoo Fundi. Limetoka wapi?"

"Marahaba. Nguo haina kwao," alisema. "Ikija inakuja. Nimeambiwa nishonee vijana. Mguu mpana, inchi ishirini na nne, kama wanavyotaka wapumbavu. Atakayetaka aje nimpime."

"Vijana wako wapi, Fundi? Hakuna vijana."

Akaniangalia juu ya pini zake.

"Wewe si unajua walipo?"

Nikalitazama jora. Akanyanyua kitambaa kingine kutoka chini ya meza: bafta ya bluu yenye vidoti vyeupe, mikono kadhaa, ya kutosha gauni. Akaiweka begani kwangu, akaitazama, akaondoa, akaweka tena.

"Ya kipaimara," alisema. "Mama yako asiulize."

Mama hakuuliza, na mimi pia sikuuliza. Niliandika hapo juu kwamba ninataka kujua kama Fundi alijua. Sijaandika bado kwamba yuko mtu mwingine wa kuulizwa.

Nilipanda msituni mchana ule ule, mbio, makande yakimwagika. Kaka alisikiliza. Wenzake wawili walisema ni mtego. Mmoja wao, mwenzake wa tangu utotoni, ambaye nitamwita Mwenzake kwa sababu ndivyo alivyokuwa hadi mwisho, alisema jora hilo limetoka kwa jumbe, na jumbe aliyewasaka wiki tano hawezi kuwapa drili bure. Kaka aliinua mkono.

"Inchi ngapi?"

"Ishirini na nne."

"Umeliona jora kwa macho yako?"

"Nimeligusa, kaka. Ni zito."

"Na Fundi mwenyewe ndiye aliyesema?"

"Yeye mwenyewe."

"Fundi hatupendi," kaka akasema polepole, "lakini hajatuangusha."

Walishuka alfajiri, saba. Fundi aliwapima mmoja mmoja, akafunga mafundo kwenye uzi wa kila mtu, maana hivyo ndivyo alivyohifadhi vipimo: uzi mmoja kwa mtu mmoja, fundo la bega, fundo la kiuno, fundo la mguu, na nyuzi zote zikaning'inia ukutani. Hakuna aliyewakamata. Wakarudi msituni wakiimba kwa sauti ya chini. Hofu ikawatoka. Habari ikaenea kwa waliojificha mbali zaidi, na kwa siku nne ukuta wa Fundi ukajaa nyuzi.

Suruali zilikuwa tayari Jumamosi moja, zote pamoja. Hilo peke yake lingetosha kumshtua mwenye akili. Fundi hakuwahi katika maisha yake kutoa nguo zaidi ya mbili kwa siku. Lakini walikuja, wote, wamenawa, wamekata njia zao kwa wembe. Wakaingia uani kwake wakavua matambara yao. Na walipokuwa hivyo, kila mmoja na suruali yake mpya imefika magotini, askari wakatoka ghalani na nyuma ya zizi.

Nani atakimbia na suruali iko magotini? Mmoja alijaribu, akaanguka kifudifudi. Askari walicheka. Sisemi uongo: hata baadhi ya watu wetu walicheka, kabla ya kuelewa. Kisha wakaruhusiwa kupandisha na kufunga vifungo. Zilikuwa suruali nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Hakuna mshono uliopinda. Zilikaa kiunoni kama zimeota pale. Wakaongozwa kushuka kwenye lori lililosubiri Kisiwani, safu ndefu ya vijana wenye miguu mipana inayopiga pa-pa-pa katika vumbi, na msichana mmoja kando yangu akalia kwa sauti, "Jamani, wamependeza!" Hakuwa mwendawazimu. Walikuwa wamependeza.

Kaka alipita karibu nami. Alikuwa na ile sura ya msaragambo, ya mtu anayeamua kufanya mchezo.

"Dada, kitana changu," alisema. Nikampa. Kilikuwa kwangu tangu alipopanda msituni.

Wakati wote ule cherehani haikunyamaza. Fundi alikuwa kibarazani, mguu kwenye pedeli, akishona kitu, na hakuinua kichwa. Baadaye alisema naye alidanganywa. "Jumbe aliniambia ni zawadi ya serikali," alisema, "ya kuwashawishi vijana warudi nyumbani. Mimi ni fundi, napewa kitambaa, nashona." Nusu ya kijiji ilimwamini. Nusu nyingine haikumwamini, lakini kuanzia hapo hadi Kisiwani fundi mwingine hakuwapo, na mvua za masika hazimngoji mtu aamue. Kwa hiyo tulimlaani tukiwa tumevaa kazi ya mikono yake. Mama yangu peke yake ndiye aliyekataa. Kuanzia Jumamosi ile hakuvaa tena nguo iliyopitiwa na sindano. Alijifunga kaniki, kipande juu na kipande chini, kanisani na shambani, hadi siku alipokufa.

Mimi nilipata kipaimara nikiwa nimevaa gauni la bafta ya bluu. Fundi alilileta nyumbani mwenyewe, akaliacha juu ya jiwe la mlangoni. Nililivaa. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na lilikuwa zuri. Nilipogeuza ukingo nikakuta kitu ambacho hakuna msichana mwingine aliyekuwa nacho: pindo lilikunjwa mara mbili. Vidole vinne, na ndani yake vidole vinne vingine. Nilikuwa na kesho mbili. Niliwaringia wenzangu. Nilifumua ya kwanza nilipofika miaka kumi na saba.

Mwaka huo huo Mwenzake alirudi. Alikuwa na mikono ya mzee, imechanwa na miiba ya mkonge, na alikaa kwetu muda mrefu kabla ya kufungua furushi. Ndani yake ilikuwamo suruali ya drili na kitana.

"Homa," alisema. "Ya siku tatu. Hatukuwa na kipimo cha kaburi, alikuwa mrefu mno, tulichimba tu hadi akatosha."

Mama alipeleka suruali usoni akanusa. Sabuni ilikuwa imeshatoka.

Mwenzake alinifuata nje. "Kuna jambo sikulisema mbele ya mama," alisema. "Kaka yako alirefuka huko. Hata mimi nilishangaa, kwa uji ule. Suruali ilimpanda juu ya kifundo. Jumapili moja akaomba sindano kwa mnyapara, akasema, leo nateremsha kesho. Akafumua." Akaangalia viganja vyake. "Hapakuwa na kitu. Ukingo ulikuwa umeshonwa hivi hivi, mtupu. Tukafumua za kwetu. Zote tupu. Wenzetu wakasema, ni uhaba, kitambaa hakikutosha. Lakini kaka yako alikaa na ile suruali mapajani hadi giza likaingia. Akasema, 'Fundi alijua.'"

Kitambaa kilitosha. Krismasi ya mwaka walipochukuliwa, jumbe alikuja kanisani na koti la drili, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo.

Nilikwenda kwa Fundi mwaka jana. Mama alikuwa ameshazikwa. Sikuwa na mtu wa kumficha. Nilivaa gauni la bluu, limepauka sasa, kesho yake ya pili nimeshaiteremsha. Suruali niliikunja kwapani. Njiani nilirudia hotuba kali kama za wahubiri wa Pasaka, na nilipomwona zote zikanikauka. Mdomo wake ulikuwa mtupu. Sikuwahi kuuona bila pini. Ulikuwa mdogo, umeingia ndani. Macho yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe. Bado alikaa nyuma ya cherehani, na nyuzi bado zilikuwa ukutani, nyeusi kwa moshi.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba. Nani?"

"Mteja. Nina suruali hapa. Nataka uniteremshie kesho."

Akanyoosha mikono akafurahi. Labda hakuna aliyekuwa akimletea kazi tena. Akaivuta mapajani, akatafuta mguu, akateremka nao hadi ukingoni, akabana kitambaa katikati ya dole gumba na vidole. Akasugua. Akahamia mguu wa pili. Akacheka.

"Hii haina kesho, mwanangu. Nani mjinga aliyeshona hivi? Nguo ya mtu hai unaishona kama sanda?"

Vidole vyake vikapanda na mshono, kwa mazoea tu, kumpima huyo fundi mjinga. Vikafika kiunoni, penye marinda. Vikasimama. Kila fundi ana namna yake ya kufunga uzi wa mwisho, na hapo alikuta fundo lake mwenyewe, kwenye mguu mrefu kuliko yote aliyowahi kupima.

Maji ya ndiva yalikuwa yakitupa mwanga kwenye dari. Nilihesabu pumzi zake.

"Amerudi?" akauliza.

"Imerudi suruali."

Akaikunja. Aliikunja vizuri, mkunjo juu ya mkunjo.

"Kitambaa hakikutosha," alisema.

"Koti la jumbe lilikuwa na mifuko minne, Fundi."

Akatikisa kichwa kidogo, si kwa kukataa. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayeeleza kazi. "Jumbe alisema wanakwenda mwaka mmoja. Niliwaona wa vijiji vingine waliotangulia kurudi kutoka mkonge, pale stesheni. Niliona miguu yao. Nikajua. Nilikaa na ile drili nikabana vidole vinne, nikashindwa kukunja. Mkono ulikataa. Watu niliwadanganya, mwanangu. Nguo sikuweza."

Hapo nilitaka kumpiga. Naandika ilivyokuwa: niliinua mkono juu ya mzee kipofu. Labda alihisi upepo wake, maana aliongeza, bila ukali wowote:

"Mimi nilipima. Aliyepanda msituni kuwaita ni nani?"

Mkono wangu ukashuka. Naye akainama mbele, akapapasa hewani, akashika ukingo wa gauni langu. Sikurudi nyuma. Alibana kitambaa akasugua kama alivyosugua suruali, akatafuta mkunjo, akakuta alama mbili tu, mistari miwili ya matundu ya sindano, ambako rangi haikupauka.

"Umeshateremsha zote mbili," alisema.

"Zote."

"Nilijiuliza kama utaniuliza kwa nini ni mbili."

"Kwa nini ni mbili, Fundi?"

"Ya kwanza yako," alisema. "Ile ya ndani ilikuwa ya kaka yako. Sikujua pa kuiweka."

Nilichukua suruali nikaondoka bila kuaga. Ilinibidi nishuke mlima mzima hadi Kisiwani, ninakokaa sasa, jua kali, sikuwa na nguo nyingine ya kubadili, na njia yote ukingo ule uliendelea kunipiga miundi, hatua kwa hatua, vidole vinne chini ya mahali ambapo gauni langu lingeishia.